Mtaka cha Mvunguni: Kiswahili Kwenye Meza ya Fundi wa Kamera Huruma

Ni ada ya makongamano ya Kiswahili kuuliza swali lile lile kila mwaka: Je, Kiswahili kinamudu sayansi na teknolojia? Swali huulizwa kwa lugha fasaha, hujibiwa kwa lugha fasaha zaidi, maazimio husomwa, kisha wajumbe hunywa chai na kutawanyika. Wakati huo huo, mwendo mfupi wa matatu kutoka katika kumbi hizo, katika mtaa wa Huruma ulio Eastlands jijini Nairobi, fundi aliyeinama juu ya meza yenye bisibisi, koleo, mita na chuma cha kulehemia hulijibu swali hilo kutwa nzima pasi na kujua kwamba limeulizwa. Hana makala ya kuwasilisha. Ana kamera ya video iliyokufa, na mwenye kamera amesimama mlangoni akitaka kujua kama itafufuka.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba Kiswahili cha kutafuta na kurekebisha hitilafu za mitambo kipo tayari, kina mantiki yake, na kinaishi vinywani mwa mafundi. Kinachokosekana ni msomi aliye tayari kwenda kukisikiliza na kukiandika. Wahenga walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kwa bahati mbaya, muda wa kuinama unayoyoma, kwa maana kanda za video, kamera zinazozicheza na mafundi wanaozielewa vinatoweka kwa pamoja.

Mtaa na meza

Huruma ni mtaa wa magorofa yaliyobanana, unaopakana na Mathare, Kiamaiko na Kariobangi. Chini ya magorofa hayo mna vibanda vya kila kazi: vinyozi, washonaji, wauza mboga, na mafundi wa redio, runinga na simu. Ni katika vibanda vya aina hii ambamo kamera za video huishia zinapougua, hasa zile za kanda zilizoenea Nairobi tangu miaka ya 1990: za milimita nane ambazo Sony ilianza kuziuza mwaka 1985, za Hi8 zilizofuata mwaka 1989, na za MiniDV zilizoingia sokoni mwaka 1995. Katika mitaa ya Eastlands kamera hizo zilikuwa chombo cha riziki. Aliyekuwa nayo alialikwa kwenye harusi, mahari, ubatizo, mahafali na mazishi, akarekodi, akalipwa.

Leo kazi hiyo imehamia kwenye simu na kamera za kadi. Hata hivyo, kanda hazikuhama. Zimekaa katika masanduku chini ya vitanda, na ndani yake mna sauti na nyuso za watu ambao wengine wao wamekwisha kuzikwa. Kanda ya milimita nane haiingii katika mashine ya VHS, na mashine ya VHS yenyewe haitengenezwi tena. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kuitengeneza, iliacha mwezi Julai mwaka 2016. Kwa hivyo, mara nyingi chombo pekee kinachoweza kuicheza kanda ya familia ni kamera ile ile iliyoirekodi. Ikifa kamera, kanda nayo inafungwa mdomo.

Hebu ichukuliwe hali ambayo fundi yeyote wa kazi hii ataitambua. Mama mmoja analeta kamera ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na adapta yake.

“Fundi, hii ilikuwa ya marehemu mzee. Kuna kanda ya harusi ya kifungua mimba wetu ndani.”

“Ilizima aje, mama?”

“Ilizima tu. Ukiichomeka inajaribu kuwaka, halafu inakufa.”

Mazungumzo haya mafupi yana uzito kuliko yanavyoonekana. Kabla hajagusa parafujo hata moja, fundi amekwisha kuuliza swali la kitabibu: ugonjwa ulianzaje? Naye mama, asiyejua lolote kuhusu elektroniki, ametoa ushahidi muhimu kuliko vyote. Amesema kwamba inajaribu kuwaka. Kamera isiyopata umeme kabisa haijaribu. Inayojaribu ikashindwa inapata umeme usiotosha.

Sarufi ya hitilafu

Kila mwanafunzi wa Kiswahili amewahi kufundishwa viambishi vya masharti. Ameandika darasani sentensi za “ningekuwa na pesa ningenunua gari”, akapewa alama zake, akaendelea na maisha. Ni wachache waliowahi kuambiwa kwamba kiambishi -nge- ni chombo cha uchunguzi. Kwenye meza ya fundi, hicho ndicho chombo cha kwanza kushikwa, kabla ya bisibisi.

Fundi anaichomeka adapta kwenye soketi. Kitaa chake cha kijani kinawaka. Anasema, “Kama ingekuwa fyuzi, hii taa haingewaka.” Sentensi hiyo moja imeiondolea fyuzi lawama. Imechukua dhana, ikatazama matokeo ambayo dhana hiyo ingeyaleta, ikalinganisha na kinachoonekana, ikaitupa dhana. Katika idara za falsafa huo huitwa ukanushaji wa tokeo, na hufundishwa kwa alama na herufi. Vitabu vya sarufi vitapendelea “isingewaka” badala ya “haingewaka”, na mwalimu mwenye kalamu nyekundu atakuwa na la kusema. Lakini mantiki ya sentensi haina doa.

Kisha inafuata -ki-. “Ukichomeka bila kamera, mita inasoma sawa. Ukiwasha kamera, inashuka.” Adapta nyingi za kamera za Sony za MiniDV zimeandikwa volti 8.4. Mita ikisoma 8.4 adapta inapokuwa haina mzigo, kisha ikaporomoka hadi 4 au 5 kamera inapowashwa, fundi anajua kwamba adapta ina uwezo wa kuonyesha volti lakini haina uwezo wa kuzihimili. Ni kama mtu anayesimama vizuri lakini akitwikwa debe la maji anaanguka. Washukiwa wakuu hapa ni kapasita za upande wa kutolea umeme. Ndani ya kapasita za aina hiyo mna kimiminika ambacho hukauka kwa joto na kwa miaka. Kikikauka, kapasita haiwezi tena kutuliza mkondo, nayo adapta inaanza kupepesa: inawaka, inazima, inawaka, inazima.

Jambo la tatu linahusu kauli za vitenzi. Darasani, kauli ya kutendeka na kauli ya kutendwa hutofautishwa kwa mifano ya vikombe: kikombe kimevunjika, kikombe kimevunjwa. Mwanafunzi hukariri kwamba ya kwanza haimtaji mtenda. Kwenye meza ya fundi tofauti hiyo inagharimu pesa. Ikiwa adapta haina dalili ya uhai kabisa, fundi anaifungua na kuitazama fyuzi. Je, imekatika au imekatwa? Fyuzi ya kioo ambayo bado ni nyeupe, yenye waya uliokatika katikati, huenda imechoka tu. Fyuzi ambayo kioo chake kimekuwa cheusi kama masizi imekatwa. Mna shoti ndani iliyoikata kwa ghadhabu. Ya kwanza ikibadilishwa, adapta huenda ikapona. Ya pili ikibadilishwa bila kumtafuta aliyeikata, itakatwa tena papo hapo, na fyuzi mpya itakuwa imepotea bure. Mtenda aliyefichwa na sarufi ndiye anayetafutwa na fundi.

Hali kadhalika, ukarabati wote ni kazi ya kauli ya kutendua. Kilichofungwa hufunguliwa, kilichobandikwa hubanduliwa, kilichochomekwa huchomolewa, kilichonasa hunasuliwa, kilichoziba huzibuliwa, kilichokunjika hukunjuliwa. Kwa kiambishi kimoja kidogo, -u-, Kiswahili humwezesha fundi kuirudisha nyuma historia ya mtambo hadi pale ulipokosea. Ni wanafunzi wangapi wameona kwamba kauli hii wanayoichambua katika vikombe na milango ina makao yake halisi karakanani? Na hapa pana swali la utafiti ambalo halijapewa nafasi linalostahili: kinyume cha kulehemu ni kipi? Je, fundi husema kulehemua, ilhali kitenzi chenyewe kina asili ya Kiarabu na hakikuzoea kiambishi hicho? Au husema kutoa risasi, au kunyonya risasi? Jibu haliko maktabani. Liko Huruma, Kariobangi na Luthuli Avenue, nalo laweza kupatikana kwa mwanafunzi mwenye daftari na adabu.

Maneno matatu ya kitu kimoja

Wanaoshughulikia istilahi wana la kujifunza pia. Tangu Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka 1930, kazi ya kusanifisha imeandamana na hofu ya visawe. Neno moja kwa dhana moja ndiyo iliyokuwa ndoto. Mwaka 1990, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, kazi iliyostahili pongezi na ambayo bado yastahili. Mwaka 2004, chuo kicho hicho kupitia mradi wa Kilinux kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Kwa hivyo mwandishi wa barua alipata lugha yake katika kompyuta. Aliyeketi na chuma cha kulehemia hakupata kijitabu.

Sasa na litazamwe neno la msingi kabisa katika kazi hii. Katika kamusi ni umeme. Katika mitaa ya Nairobi ni stima, neno lililoanza na meli za mvuke na kuhamia kwenye nyaya. Mafundi nao wana la tatu, moto. Mpenda usanifu atataka mawili kati ya haya yafukuzwe. Lakini sikio likitegwa vizuri, mara nyingi maneno hayo yanagawana kazi. Stima ni ile inayotoka kwa kampuni, inayolipiwa na kupotea: “stima zimepotea”. Moto ni ule unaotembea ndani ya mtambo: “moto unafika hapa, hapa haufiki”. Umeme ni elimu yenyewe, somo la darasani. Fundi anaposema kwamba stima ziko lakini moto haufiki, amesema jambo ambalo msomi mwenye neno moja tu la umeme atahitaji sentensi ndefu kulieleza.

Aidha, kuna sambaza, kitenzi ambacho katika makazi ya Mathare na kwingineko jijini kimegeuka nomino inayotaja umeme wa kuunganishiwa kinyemela. Katika vyumba vinavyotumia sambaza, volti huweza kushuka jioni kila mtu anapowasha jiko na taa, na kuruka ghafla baadaye. Hili si suala la sheria pekee. Ni sehemu ya uchunguzi wa hitilafu. Fundi mzoefu atamuuliza mteja, “Nyumbani mnatumia sambaza?” kama vile daktari anavyouliza maji ya kunywa yanatoka wapi. Kamusi isiyokuwa na maana hiyo ya sambaza haiwezi kumsaidia kuuliza.

Uhai ulio hatarini

Yupo atakayesema kwamba haya ni mapambo ya wanaisimu. Na ajiulize basi lugha ya maonyo inamfikia nani. Karatasi zinazoandamana na adapta na kamera huandikwa kwa Kiingereza, Kifaransa, Kihispania, Kiarabu, Kichina na nyinginezo. Kiswahili ni nadra. Na mambo yanayoonywa humo ni ya kufa na kupona.

Umeme wa nyumbani nchini Kenya ni volti 240. Volti hizo ni thamani fanisi ya wimbi linalopanda na kushuka. Kilele chake hufikia takribani volti 340. Adapta ya kamera huugeuza umeme huo kuwa wa upande mmoja na kuuhifadhi katika kapasita moja kubwa, ambayo aghalabu huandikwa volti 400. Baada ya adapta kuchomolewa, kapasita hiyo inaweza kubaki imejaa. Kijana anayejifunza kazi, aliyeambiwa kwamba chombo kikichomolewa hakina stima, huingiza kidole na kupigwa na volti zaidi ya mia tatu zilizojificha. Wengine huimaliza kapasita hiyo kwa kuigusisha bisibisi, ikalipuka cheche na kuharibu njia za shaba. Njia salama ni kuimaliza polepole kupitia kikinza au balbu, kisha kuipima kwa mita kabla ya kugusa chochote.

Isitoshe, adapta iliyokarabatiwa haifai kurudishwa moja kwa moja kwenye soketi. Mafundi wenye busara hutumia balbu ya kizamani, ya waya unaong'aa, iliyounganishwa mfululizo na adapta. Ikiwa shoti bado imo ndani, balbu inawaka kwa nguvu zote na kuchukua mzigo, na adapta inasalimika. Ikiwa kazi ni njema, balbu inamulika mara moja kapasita inapojaa, kisha inafifia. Ni kifaa cha bei ndogo kinachookoa vipuri, na pengine nyumba.

Kuna pia hatari ya vitu vya mtumba. Japani hutumia volti 100 na Marekani 120. Adapta iliyoandikwa 100 hadi 240 haina neno popote duniani. Iliyoandikwa 100 pekee, au 120 pekee, ikichomekwa Nairobi itaungua mara moja. Onyo hilo linaenea mstari mmoja wa Kiswahili: soma kibandiko kabla ya kuchomeka. Mstari huo haupo kwenye kibandiko chochote, na hakuna mhitimu wa Kiswahili aliyetumwa na idara yake kuuandika. Tasnifu kuhusu taswira na ishara zinajaza rafu. Hilo ni jema. Lakini lugha ina deni pia kwa kidole cha kijana anayejifunza kazi.

Wanaopinga na majibu yao

Pingamizi la kwanza ni kwamba lugha ya fundi wa Huruma si Kiswahili bali ni Sheng iliyochanganywa na Kiingereza. Pingamizi hili lina ukweli nusu. Nomino nyingi za karakana zimekopwa: adapta, chaji, fyuzi, transista, mita. Lakini redio, betri, gari, baiskeli na kaseti nazo zilikopwa, na hakuna anayezikana leo. Kinachobeba fikra katika maneno ya fundi si nomino zile. Ni ngeli zinazozipokea, ni viambishi vya masharti, ni kauli za vitenzi. “Fyuzi imekatwa na shoti” ina nomino mbili za kigeni na sarufi ambayo ni Kiswahili tupu.

Pingamizi la pili ni kwamba kamera za kanda zimepitwa na wakati, na kuandika juu yake ni kumvisha maiti suti. Hapa pia pana nusu ya ukweli. Kamera imepitwa, kanuni za adapta yake hazijapitwa. Zile zile ndizo zinazoendesha chaja ya simu, kisimbuzi cha runinga na taa za kuchajiwa. Anayejifunza kuitibu adapta ya kamera amejifunza kuitibu nusu ya vyombo vilivyo nyumbani.

Zaidi ya hayo, maiti huyo bado ameshikilia urithi. Mwaka 2019, UNESCO kupitia Mpango wake wa Habari kwa Wote, ikishirikiana na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha, IASA, ilitoa tahadhari kuhusu kanda za sumaku duniani. Ilikadiriwa kwamba kufikia mwaka 2025 hivi, uwezo wa kuzicheza ungekuwa umetoweka mahali pengi kwa kukosekana mashine, vipuri na ujuzi. Mwaka huo umekwisha kufika. Watu wa hifadhi za nchi tajiri wanawatafuta mafundi wa kanda kwa taa mchana. Eastlands bado wapo, nao wanarekebisha simu kwa sababu hakuna aliyewaletea kanda.

Na ni kanda za nani? Si za harusi pekee. Somo la fasihi simulizi limefundishwa katika vyuo vikuu vya Kenya kwa miongo mingi, na wanafunzi wamekuwa wakitumwa nyanjani kurekodi. Si ajabu kabati la idara likawa na kanda za nyimbo za arusi, za majigambo, za matambiko, za watambaji ambao hawako tena duniani, nazo zimelala bila mashine ya kuziamsha. Msomi anayedharau kibanda cha fundi huenda ana kanda kabatini ambayo hakuna mwingine mjini awezaye kuifungua.

Pingamizi la tatu hutoka kwa mafundi wenyewe: ujuzi ni riziki, na akiuandika atakuwa amewapa wapinzani mlo wake. Hili ndilo pingamizi la haki kuliko yote, na halijibiwi kwa hotuba. Linajibiwa kwa malipo na kwa heshima. Mtafiti anayeketi saa tatu kwenye kibanda amechukua saa tatu za kazi ya mtu, azilipie. Kitabu kikitoka, jina la fundi, akiridhia, liwekwe mahali pa mwandishi mwenza, wala si katika shukrani za ukurasa wa mwisho. Wasomi wa fasihi simulizi walichelewa mno kuwataja watambaji kwa majina. Kosa hilo lisirudiwe karakanani.

La kufanywa

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, iliipa lugha ya Kiswahili hadhi ya lugha rasmi pamoja na ile ya taifa. Mwaka 2021 UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Hadhi zipo. Zinahitaji miguu ya kutembelea, na vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina miguu mingi.

Kazi yenyewe haihitaji ufadhili mkubwa. Kwanza, wanafunzi wawili wawili waende kwenye vibanda, wasikilize uchunguzi wa hitilafu tangu mteja anapofika hadi anapoondoka, na waandike sentensi nzima badala ya orodha ya nomino. Pili, wakusanye visawe bila kuvihukumu, wakionyesha kila kimoja hutumika wapi na kwa kazi gani. Tatu, waandike pamoja na mafundi kijitabu chepesi kinachofuata njia ya fundi: dalili, swali, kipimo, hukumu, tiba. Kwa mfano, kamera ikionyesha alama C:21, imehisi unyevu. Iachwe ikauke mahali pa joto la wastani, kanda ikiwa imetolewa. Ikionyesha C:31, mtambo wa kuvuta kanda umekwama, usilazimishwe. Picha ya kanda ikiwa na miraba miraba, vichwa vimeziba. Vizibuliwe kwa ngozi laini iliyoloweshwa spiriti safi, kwa kufuata mzunguko wa silinda na kamwe si juu na chini. Picha ya lenzi ikiwa nyeusi ilhali kanda ya zamani yachezeka vizuri, jicho ndilo gonjwa, si ubongo. Ugonjwa huo wa jicho ulipata umaarufu Oktoba mwaka 2005, Sony ilipotangaza kwamba baadhi ya vihisi-picha ilivyovitengeneza huharibika, hasa penye joto na unyevu. Tangu hapo si kila kamera kipofu iliyodondoshwa na mwenyewe. Nne, idara zipeleke kanda zake kwa mafundi hao kwa malipo stahiki, zinakiliwe kabla hazijakauka. Hapo ndipo msomi na fundi watakapokuwa wamepeana mikono: mmoja akipata maandishi, mwingine akipata sauti za waliotangulia.

Na yule mama wa mfuko wa plastiki? Fundi anamrudishia kapasita mbili zilizovimba, azione kwa macho yake, kwa sababu mteja asiyeonyeshwa ugonjwa hudhani ameibiwa. Kapasita mpya za joto la nyuzi 105 zimelehemiwa mahali pake. Balbu imemulika na kufifia. Adapta imeshikilia 8.4 kamera ikiwa imewashwa. Kanda iliyonasa imenasuliwa kwa kidole na subira, ikarudishwa. Kwenye kioo kidogo kisichozidi kiganja, bwana harusi anatokea, na nyuma ya picha inasikika sauti ya mzee aliyekuwa ameishika kamera, akiwaambia watu wasogee kidogo wapate kuenea wote. Mama haulizi istilahi ya kilichotokea. Anasema tu, “Ni yeye.”

Mtaa huo uliitwa Huruma. Lugha iliyoifanya kazi hiyo ni Kiswahili, na hadi sasa hakuna aliyeiandika.